Fimbo za vituko na mikono ya vituko: kwanini zinaingiza mpira, na zinakutoza nini

Mwezi wa sita 2025 kule Oakmont, Marekani, J.J. Spaun alifika shimo la mwisho la US Open, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, anahitaji pati mbili tu (pati ni lile pigo la kubingirisha mpira kuelekea shimoni) awe bingwa, mpira uko futi 64 kutoka shimoni, yani karibu mita 19 na nusu, akaupiga mara moja ukaenda ukaenda mpaka ndani. Wengi tuliuona ule mpira. Wenye macho ya vifaa waliiona fimbo: kichwa kipana kimekaa kiajabu ajabu, ya kampuni ya L.A.B. Golf ya Oregon, ambayo si miaka mingi nyuma ungetokea nayo kiwanjani watu wangekucheka mpaka washike mbavu. Skuhizi kampuni nyingi kubwa zina fimbo yao ya aina hio, na huku kwetu wanaobeba mifuko kule Mangapwani wanaulizana hii kitu ni dawa au ni nini.

Si dawa. Ila si mzaha pia, na hapo katikati ndo pana maelezo marefu ambayo watu hawayapati mana wauzaji wanasema moja na wazee wa kiwanjani wanasema jengine. Mie navoona, kila kituko kwenye kupati, kiwe cha fimbo au cha mikono au cha kusimama, kinafanya kazi moja tu: kinatoa kitu kimoja kwenye mwendo wako kisiweze kukosea tena. Mkono wa kulia, kifundo cha mkono, kuzunguka kwa uso wa fimbo (pale panapogonga mpira), macho. Kikishatoa kinakutoza, na mara nyingi malipo yake ni uwezo wa kupima nguvu ya mpira kwa mbali. Ukijua kimetoa nini na kimetoza nini, basi hutanunua kitu kwa kuwa bingwa fulani kashinda nacho.

Gofu kwa Zanzibar si mgeni kama wengine wanavodhani, enzi za Muingereza pale Mnazi Mmoja palikuwa na kiwanja chake cha gofu, saivi wachezaji na wanaojifunza wanakwenda upande wa Mangapwani kwenye mashimo 9 ya hoteli. Wengi wetu hatuna mwalimu wa kupati, tuna fimbo alizoacha mgeni na tuna simu yenye video. Kwaiyo tunaiga. Na kuiga si vibaya, ubaya ni kuiga dawa ya maradhi ambayo huna.

Hebu tuanze na hesabu ndogo mana bila yake mengine yote yanakuwa porojo. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, popote duniani. Mpira una karibu milimita 43. Ukiwa mita 1 kutoka shimoni, sehemu tambarare, mpira ukianza kwenda pembeni kwa nyuzi 3 bado unaingia. Mita 3, unaruhusiwa nyuzi 1 tu kila upande. Mita 6, nusu nyuzi. Na hio ni kama mpira unafika shimoni umechoka, mana ukifika na kasi ile shimo linakuwa kama limepungua upana, mpira unagusa ukingo unatoka, na ukipita kiasi cha mita 1.6 kwa sekunde hata ukipita katikati kabisa unaruka shimo unaendelea na safari. Kwaiyo uelekeo na kasi si vitu viwili mbali mbali, kasi ndo inaamua uelekeo wako una nafasi kiasi gani. Ukitaka kujua hii kazi ni ngumu kiasi gani, wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, wanaolala na kuamka na fimbo, kwenye futi 8 wanaingiza nusu tu. Nusu! Futi 3 wanaingiza karibu zote, 96 kwenye 100 hivi, na futi 20 wanaingiza kiasi cha 15 kwenye 100. Basi yule bwana anaetupa fimbo kwa kukosa mita 2 na nusu aulizwe kwani yeye nani.

Sasa mpira unakosa kwa sababu tatu. Umesoma mteremko vibaya, au uso wa fimbo haukutizama pale ulipotaka wakati wa kugonga, au nguvu ilikuwa nyingi au chache. Fimbo ya vituko haiwezi kukusomea mteremko. Hio iandikwe kwa herufi kubwa mana nusu ya wanaobadilisha fimbo tatizo lao ni kusoma, mpira wao kila siku unapita upande wa chini wa shimo, wanaona mikono imewaangusha kumbe mikono ilifanya kile kile ilichoambiwa. Na kule pwani kuna ile imani kwamba mpira unavutwa na bahari. Bahari haivuti mpira, ila ardhi mara nyingi inateremkia baharini ili maji ya mvua yapate njia, kwaiyo imani ina ukweli wake ndani lakini usiitumie kwenye grini, yani ule uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, ambayo imejengwa kuinamia upande mwengine.

Uelekeo sasa. Mpira wa pati unaanza safari kwa kufata uso wa fimbo ulikotizama, zaidi sana kuliko njia ambayo fimbo ilipita. Watu wanahangaika na njia, nyuma iende moja kwa moja, mbele moja kwa moja, wakati uso umefunguka nyuzi 2 na mpira ushapotea. Ndo mana vita yote ya watengeneza fimbo ni juu ya kitu kimoja, kuzunguka kwa uso. Chukua fimbo yako ya kawaida ile nyembamba, ilaze mpini wake juu ya kidole kimoja mpaka ikae sawa. Utaona ncha ya kichwa inaanguka chini. Maana yake uzito uko mbele ya mpini, na ukiipeleka nyuma ile fimbo wenyewe inataka kufunguka, ukirudi inataka kufunga, mikono yako inabidi iibembeleze irudi kwenye uso sawa pale pale kwenye mpira. Watu waliofanya hivo maisha yao yote wanafanya bila kujua. Fimbo nyengine ukizilaza kwenye kidole uso unatizama juu, zile zinabishana kidogo na mkono. Na hizi za mtindo mpya kitovu cha uzito kimepelekwa kwenye mstari wa mpini wenyewe, kwaiyo haina upande inaotaka kwenda, unaipeleka inakwenda, unairudisha inarudi.

Inasikika tamu. Malipo yako wapi? Kwanza bei, tunaongea zaidi ya dola 400 kwa zile zenye jina, hio pesa mtu wa Fuoni anaezeka nayo banda. Pili, kama wewe miaka yote ulikuwa unaifunga fimbo kwa mikono, mikono haitoacha siku ile ile, utaendelea kuifunga fimbo ambayo haikufunguka na mpira utakwenda kushoto mpaka uchanganyikiwe. Au kinyume chake, unasubiri ijifunge na haijifungi, mpira kulia. Tatu, wengi wanasema hawasikii kichwa kiko wapi, na mkono usiosikia kichwa unapata tabu kupima nguvu kwenye pati ndefu. Spaun kaingiza ya mita 19, ndio, lakini Spaun ni Spaun.

Kuna jambo jengine ambalo watu wanalichanganya na hili, nalo ni kule kusogeza uzito pembeni. Mwaka 1966 Karsten Solheim, injinia, alitoa fimbo ya Ping inaitwa Anser, mchoro wake wa mwanzo aliuchora kwenye jalada la santuri, na wazo lake lilikuwa kwamba uzito ukae kwenye ncha na kwenye kisigino, yani upande wa kichwa ulio karibu na mchezaji, katikati pawe patupu. Kwanini? Mana ukigonga mpira nje ya katikati kichwa kinataka kujipinda, na uzito ukiwa mbali na katikati kichwa kinakuwa kigumu kupindika. Jack Nicklaus aliposhinda Masters ya 1986 akiwa na miaka 46 alikuwa na fimbo ya MacGregor yenye kichwa kikubwa ambacho watu walikuwa wanakitizama wanaguna, baadae kila mtu akaitaka. Sasa faida ya kichwa kikubwa wengi wanadhani ni kwenda sawa. Ni zaidi ya hapo, ni umbali: ukigonga mpira kwa ncha na fimbo nyembamba mpira unabaki nyuma, na kichwa kikubwa mpira unafika karibu na pale ulipotaka. Kwaiyo kama tatizo lako ni kwamba unagonga kila mahala kwenye uso, leo ncha kesho kisigino, huhitaji kituko cha mtindo mpya, unahitaji kichwa kikubwa cha bei yoyote, hata kilichochakaa.

Utajuaje unagonga wapi? Paka poda kwenye uso wa fimbo, ile ile ya keram. Kila mpira unaacha alama. Na mana tumefika kwenye keram, hebu tizama barazani watu wanavopiga ile kete kubwa: huyu kwa kidole cha shahada, huyu kwa cha kati, huyu kwa gumba, huyu anaibana kama mkasi, na hamna anaemwambia mwenzake wewe unapiga kienyeji, wanaangalia imeingia au haikuingia. Kwenye gofu sijui tumepata wapi adabu ya kuona mkono ukikaa tofauti basi mtu kaharibika.

Tuje kwenye mikono, huku ndo pana utajiri wa vituko.

Mkono wa kulia, kwa anaetumia kulia, ndo mchokozi mkubwa. Ndo wenye akili ya kurusha na kusukuma, kwenye pati fupi yenye presha unaingilia, unasukuma, kifundo kinavunjika, uso unafunga. Dawa yake ya mwanzo ni kuupandisha juu na kuushusha wa kushoto, kushoto chini kulia juu, Jim Furyk kacheza hivo na akabeba US Open 2003, Jordan Spieth pia anashika hivo. Mabega yanakaa sawa zaidi, kifundo cha kushoto kinabaki kimenyooka. Dawa ya pili ni makucha, mkono wa kulia hauishiki fimbo, unaigusa tu kwa vidole ubavuni kama unaisukuma kwa huruma. Chris DiMarco alilitangaza sana lile shiko, saivi Tommy Fleetwood analo, na Scottie Scheffler. Huyu Scheffler ni mfano mzuri sana mana 2023 mapigo yake ya kufikisha mpira kwenye grini yalikuwa bora kuliko dunia nzima lakini kwenye kupati alikuwa wa 162 kwenye takwimu za PGA Tour. Akabadilisha kichwa cha fimbo, akachukua kikubwa, alafu mwisho wa 2024 akaingiza makucha. Ila sikiliza hapa: makucha aliyaweka kwa pati fupi, zile ndefu akabaki na shiko la kawaida. Mana alijua malipo. Ule mkono wa kulia unaokuharibia futi 5 ndo huo huo unaokupimia futi 40, ukiufunga kamba huku unaukosa kule. Hio ya kuchanganya mashiko mawili watu wengi huku hawajaifikiria, wanadhani ukichagua shiko ushaoa.

Alafu kuna kufunga kifundo kabisa. Mpini unakuwa mrefu, inchi 40 na zaidi, unaulaza juu ya mkono wa kushoto mpaka karibu na kiwiko, fimbo na mkono vinakuwa kitu kimoja. Matt Kuchar anapati hivo, na Bryson DeChambeau alishinda US Open 2020 hivo. Bernhard Langer ndo ana historia ndefu zaidi, alisumbuliwa na mtetemeko wa mikono tokea kijana, akabadilisha mashiko kila mara yanapomkatalia, Masters ya 1993 alishinda akiwa ameukamata mkono wake wa kushoto pamoja na fimbo kwa mkono wa kulia, ungemuona ungesema huyu kaumia anajishika. Tahadhari ya mtindo huu ni lofti, yani mwinamo wa uso wa fimbo. Mpini unainamia mbele, kwaiyo uso unapungua mwinamo, na fimbo ya kawaida yenye lofti ya nyuzi 3 au 4 itabaki na sifuri au chini yake, mpira utabanwa ardhini utaruka ruka. Ndo mana fimbo zao zina nyuzi 6 au 7. Usichukue fimbo yako ya kawaida ukaiunga bomba kwa fundi ukasema umepata, utakuwa umepata fimbo ndefu yenye lofti mbaya.

Ile ndefu kabisa, ya kusimama nayo kifuani, hadithi yake ina sheria ndani. Keegan Bradley 2011 alishinda PGA Championship na fimbo iliyoegemea tumboni, akawa wa mwanzo kushinda moja ya mashindano makubwa manne kwa mtindo huo, Webb Simpson na Ernie Els wakafata 2012, Adam Scott akachukua Masters 2013 na ile ndefu. Wenye sheria, R&A na USGA, wakaona basi, na kuanzia tarehe 1 Januari 2016 kuegemeza fimbo mwilini ni marufuku. Watu wengi wanadhani fimbo ndefu yenyewe ilipigwa marufuku. Hapana. Fimbo ni halali mpaka leo, kinachokatazwa ni mkono au fimbo kugandishwa mwilini ikawa kama bawaba, wala huruhusiwi kugandisha mkono wa juu kifuani ukaufanya ndo mhimili. Uweke mkono mbali na kifua kidogo na upo halali. Na ile ya kuulaza mpini kwenye mkono wa mbele imeachwa, mkono wa mbele haumo kwenye katazo. Lucas Glover 2023 alikuwa kashachoka na mtetemeko wa miaka, akachukua fimbo ndefu ya L.A.B. akashinda mashindano mawili mfululizo mwezi wa nane.

Lakini mie sitomshauri mtu wa huku aanze na ile ndefu, na sababu ni upepo. Kusi ikishika, mwezi wa sita wa saba, umesimama wima na mti mrefu mkononi unaouacha ubembee wenyewe, ule upepo unabembea nao. Mtu alieinama chini upepo unampita juu. Michelle Wie alikuwa anainama mpaka mgongo unalala kama meza, watu wakamsema sana, na 2014 akashinda US Women's Open pale Pinehurst vile vile ameinama. Kwa mgongo wa miaka 24 sawa. Wenye migongo yetu tusiige.

Na Isao Aoki wa Japani alikuwa anapati ncha ya fimbo imenyanyuka juu angani, kisigino tu kiko chini, mikono chini kabisa magotini. Kila kitabu kingesema amekosea, na 1980 alimkimbiza Nicklaus mpaka shimo la mwisho la US Open akawa wa pili. Alichokuwa nacho Aoki ni kwamba ile ncha ilikuwa juu kwa kiasi kile kile kila siku. Watu wakisema kupati kwa uthabiti wanafikiria mwendo mzuri, wakati uthabiti ni kurudia, hata kurudia kitu kibaya. Mpira ukienda kushoto nyuzi 2 kila mara unalenga kulia nyuzi 2 maisha yanaendelea. Mpira ukienda leo kushoto kesho kulia, hapo hakuna kulenga kutakakokuokoa.

Macho nayo. Ukisimama pembeni ya mpira kichwa kimeinama unatizama shimo kwa jicho lililolala, na binadamu hakuzoea kupima mambo hivo. Sam Snead alipozeeka mikono ikamkataa, akaanza kupati katikati ya miguu, anatizama mbele. Kuanzia 1968 ikakatazwa kusimama na miguu kila upande wa mstari wa pati, akahamia ubavuni, miguu yote upande mmoja, uso unatizama shimo, akaendelea hivo mpaka uzeeni. Hio ya ubavuni ni halali hadi leo na wachache mno wanaitumia, naona ni haya tu. Ila fimbo yake lazima mpini uwe umeinama si chini ya nyuzi 10 kutoka wima, huwezi kuchomea mpini ukasimama wima kama nguzo. Njia nyepesi zaidi ni ile ya Spieth, alikuwa kwenye pati fupi anatizama shimo badala ya mpira. Jaribu, haina gharama. Mie naona inafaa zaidi kwa mtu ambae nguvu yake haina kipimo, mana mkono unafata jicho kama unavorusha kitu, na inamfaa pia mtu anaeganda juu ya mpira. Malipo yake ni kwamba mwanzoni utagonga ncha na kisigino, ndo kazi ya ile poda.

Mtetemeko wenyewe, ule wanaouita yipsi, uwekwe mbali na haya mengine. Kuna wa hofu na kuna wa neva, misuli inajikaza wenyewe kwenye kazi uliyoifanya mara elfu, na mtu anaweza kuwa na vyote. Kwa huyu kubadilisha shiko si urembo, ni kuupa ubongo kazi ambayo haina kumbukumbu nayo, ndo mana shiko jipya linamponya Langer miaka kadhaa alafu linachakaa anatafuta jengine. Mtu wa namna hii usimwambie fanya mazoezi zaidi. Mazoezi zaidi ya mwendo ule ule yanaweza kumzidishia. Wala usimwambie ni kijicho cha watu, anavojisikia yeye inatosha.

Basi ukitaka kujaribu, jaribu hivi. Kwanza jua gonjwa lako kabla ya kugusa kitu. Tafuta sakafu ya vigae au zulia gumu, tambarare, weka mpira, na mbele yake nusu mita weka vitu viwili vidogo visivyo vifupi kuliko mpira, betri mbili za tochi zilizosimamishwa zinatosha, nafasi kati yao sentimita 6. Mpira unaopita hapo bila kugusa umeanza ndani ya nyuzi 1, yani ni pati ya mita 3 iliyoingia. Piga mingi, andika. Ikiwa inagonga betri ya upande mmoja tu, tatizo lako ni kulenga au kusimama, macho labda, na hapo shiko la makucha halikusaidii kitu. Ikiwa inagonga huku na huku, tatizo ni uso unavozunguka, na hapo ndo vituko vya fimbo na mikono vina nafasi. Ikiwa inapita vizuri tu lakini uwanjani hukosi kukosa, basi ni kusoma na nguvu, weka pesa yako mfukoni.

Nguvu inapimwa kwingine, kwenye grini yenyewe, piga mipira kadhaa umbali mmoja bila shimo, tizama nafasi kati ya uliofika mbali na uliobaki nyuma. Ile nafasi ndo takwimu yako. Na kumbuka grini hazilingani, kwenye mashindano makubwa zinakatwa mpaka mpira unateleza kama kwenye sahani, kwenye hoteli za pwani nyasi mara nyingi zinaachwa ndefu kidogo mana jua na chumvi vinazitesa, na kwenye nyasi ndefu mpira unahitaji lofti kidogo zaidi utoke kwenye kishimo ulichokalia. Mpira unaanza kwa kuteleza alafu ndo unabingirika, na ukishaanza kubingirika vizuri unakuwa umebaki na kiasi cha sehemu tano kati ya saba za kasi ulioanza nayo. Fimbo alotumia bingwa kwenye grini ya kioo si lazima ikufae wewe.

Alafu badilisha kitu kimoja. Kimoja! Nshaona mtu kanunua fimbo, kabadilisha shiko, kabadilisha na kusimama, siku moja, ikaingia hajui kilichomsaidia, ikaacha kuingia hajui cha kurudisha. Na fimbo ya zamani usiitupe, piga kumi mpya, kumi ya zamani, kumi mpya, siku hio hio, sehemu hio hio. Kwa sababu kipya kinyemi ingawa kidonda, wiki ya mwanzo fimbo yoyote inaingiza, umakini wako wote uko pale, huna kumbukumbu mbaya nayo. Mie hukumu ya fimbo naisubiri mpaka iniudhi siku moja mbele za watu, alafu nione nikiishika tena mkono unasemaje.

Kwa asie na dola 400 kuna njia ya kuonja. Uzito: tafuta risasi ya chubwi za wavuvi, ifue iwe bapa, ibandike kwa tepu chini ya kichwa, ncha na kisigino, au juu mwisho wa mpini. Kichwa kikiwa kizito mkono mwepesi unatulia, na uzito juu ya mpini unapunguza vifundo kucheza cheza. Gripu nene, yani pale pa kushikia fimbo, inafanya kazi ya jamaa na hio, vidole haviwezi kuizungusha fimbo kirahisi, ukivingirisha mpira wa ndani wa baskeli juu ya gripu yako utajua kama unapenda kabla hujanunua. Njia na macho: mshipi wa kuvulia uliokazwa kati ya viti viwili juu ya mstari wa mpira, utakuonesha fimbo inapita wapi na jicho lako liko juu ya mpira au nje yake.

Ila ukienda kwenye shindano vua hayo mengi. Risasi iliyobandikwa kabla ya kuanza inaruhusiwa, lakini usiitoe wala kuongeza katikati ya raundi, ukibadilisha uzito raundi ikiwa inaendelea ukatumia ile fimbo unaondolewa. Gripu ya fimbo ya pati si lazima iwe ya duara, inaweza kuwa na upande bapa, lakini isiwe imechongwa kufata vidole, na ule mpira wa baskeli wenye mikunjo mikunjo sijui msimamizi gani ataukubali. Fimbo ya pati isiwe fupi chini ya inchi 18, urefu wa juu hauna mwisho, lofti isizidi nyuzi 10. Na wale wanaouliza kuhusu kuacha bendera ndani ya shimo wakati wa kupati, tokea 2019 ni halali, kwenye pati ndefu ya kuteremka mie naiacha.